Mia Tano ya Maegesho



Niliahidi kwamba wiki hii tutaendelea na Kitabu cha Matendo, sura ya kumi na saba. Nivumilieni. Tutarudi nyuma kidogo hadi sura ya kumi na sita, halafu niwasimulie habari ya karatasi moja iliyowekwa kwenye kioo cha gari la kanisa, na mstari mmoja nilioandika kwenye daftari la mafuta. Waliokuwa ibadani Jumapili wameshaisikia. Lakini wengi wenu mko mbali, Nairobi, Minnesota, Qatar, na tangu juzi simu yangu haipoi: "Pasta, ni kweli kanjo wamekupeleka kortini?" Sijapelekwa korti yoyote. Ila kuna mambo.

Magokoro mmoja wa kanisa letu hapa Marani (ninyi wageni, ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kikisii) alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Jicho la kwanza lilipangiwa kliniki moja katika mji ulio nje ya kaunti yetu. Mji wenyewe sitautaja, na mkinijua vizuri mtaelewa kwa nini. Upasuaji wenyewe si mrefu. Mtu huingia asubuhi, na alasiri anatoka jicho likiwa limefunikwa. Mtoto wake yuko Nairobi kazini, kwa hiyo nikachukua Probox ya kanisa, nikampeleka.

Kliniki iko ndani ya ploti ya mtu. Nataka mlione jambo hili vizuri kwa sababu ndilo shina la kisa chote. Ploti ina ukuta. Ina lango la chuma. Ina soja, mzee mmoja mwenye koti la mvua, ambaye alitufungulia akaniongoza kinyumenyume mpaka chini ya mti wa avokado, karibu na tangi la maji. Kutoka hapo huwezi hata kuiona barabara. Hapakuwa na bango lolote, la kaunti wala la mwenye ploti.

Tulipotoka saa tisa na nusu, gurudumu la mbele lilikuwa limefungwa kwa kile chuma cha njano mnachokijua, na chini ya waipa kulikuwa na karatasi: faini, shilingi elfu mbili, kwa kuegesha bila kulipia. Vijana wawili wa koti la kanjo walikuwa wamesimama kivulini.

"Mzee, gari halijalipiwa leo," mmoja akasema.

"Kulipia nini? Hapa si barabarani. Hapa ni kwa mtu."

"Mji wote ni wa kaunti, mzee."

Nikamwangalia soja. Soja akaliangalia tangi la maji.

Yule kijana aliinama akachungulia ndani ya gari, akaiona Biblia na stika ya kanisa, na sauti yake ikabadilika. "Kumbe ni pasta. Pasta, sisi si watu wabaya. Ukitaka kulipa elfu mbili, itabidi ungoje, mtambo wa malipo haufanyi kazi tangu saa nane. Lakini tunaweza kusaidiana."

Sasa jiwekeni mahali pangu. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa ziwa, na sisi watu wa Marani tunajua mvua ya jioni ikishika ile barabara ya milimani unaendesha kwa imani tu. Magokoro ameketi kiti cha mbele, bendeji nyeupe usoni, mikono juu ya mkoba. Daktari amesema asipate baridi, asipate vumbi, asilisugue jicho. Nilihesabu haya yote haraka haraka, kama mtu anayetafuta sababu na kuzipata. Nikatoa noti ya mia tano. Kile chuma kilifunguka kabla sijamaliza kurudisha pochi mfukoni.

Njia nzima Magokoro hakusema neno. Nikadhani amelala.

Usiku ule, kabla ya kulala, nikafungua daftari la gari nikaandika: Mafuta, 2,000. Maegesho, 500.

Wapendwa, nimehubiri habari ya Anania na Safira zaidi ya mara moja. Sikuwakumbuka hata kidogo nilipokuwa nikiandika. Kalamu ilipita kama kwenye siagi.

Baada ya siku tisa ujumbe ukaingia kwenye simu iliyosajiliwa kwa jina la gari: deni la shilingi elfu mbili, lipa kabla ya tarehe fulani, la sivyo litaongezeka. Maana ile karatasi ilikuwa imeshaingizwa kwenye mtambo pamoja na nambari ya gari. Mia tano yangu ilifungua chuma tu. Faini ilibaki pale pale.

Mweka hazina wetu ni mwalimu mstaafu, mwanamke asiyeinua sauti. Alikuja na daftari kwapani. "Pasta, maegesho ya siku hiyo uliyalipa. Nimeona mia tano. Basi hii elfu mbili ni ya nini? Na risiti ya mia tano iko wapi, niambatanishe?"

Nikasema nitaitafuta.

Mawazo yangu ya kwanza yalikuwa kulipa ile elfu mbili kimya kimya na kuyamaliza. Nikajipatia hata Maandiko. Mathayo kumi na saba: watoza kodi ya hekalu wanamwuliza Petro kama mwalimu wake halipi. Yesu anamweleza Petro kwamba wana wa mfalme hawadaiwi, ila wasije wakawakwaza watu, anamtuma ziwani, na katika kinywa cha samaki inapatikana sarafu ya kuwatosha wote wawili. Nikamwambia mama mchungaji, unaona, Bwana mwenyewe alilipa asichodaiwa.

Alikuwa akichambua mboga za chinsaga. Hakuinua hata kichwa. "Ile ya Bwana ilitoka kwa samaki. Yako inatoka kwa sadaka."

Nilirudi kwenye Matendo kumi na sita kwa sababu nilikuwa naiandaa kwa ajili yenu. Paulo na Sila wamechapwa hadharani Filipi bila kesi, wamelala gerezani, na asubuhi wakubwa wa mji wanatuma watu: waacheni waende zao. Mlango uko wazi. Mimi ningeenda. Paulo akakataa. Akasema wametupiga mbele ya watu bila hukumu, nasi ni raia wa Rumi, halafu watutoe kwa siri? Waje wenyewe. Na wakaja, wakawasihi. Nimelisoma lile fungu miaka mingi nikidhani Paulo alitetea heshima yake tu. Sasa nikamfikiria yule Lidia, na yule mlinzi wa gereza aliyebatizwa usiku uleule na jamaa yake. Paulo angeondoka kesho, lakini wao wangebaki pale Filipi, chini ya wakubwa walewale. Na hapa Marani, nani mwingine angeegesha chini ya ule mti wa avokado juma lililofuata? Mgonjwa mwingine wa macho.

Basi nikaamua kuipinga ile faini. Kuna wakili kijana katika ushirika wetu, aliyekulia hapa Sensi. Nikamtafuta. Na kwa kuwa wengi wenu mna magari na mmeshakutana na karatasi kama hizi, niwaambie alichonifundisha.

Kaunti ina mamlaka juu ya maegesho, na tusidanganyane. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa kaunti kazi ya barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na maegesho. Kwa hiyo ukiegesha barabarani mjini, lipa. Hata pale mbele ya duka lako katika soko letu, pale unapopanga viti na kusema ni pako, mara nyingi hapo ni hifadhi ya barabara. Nenda kaangalie jiwe la mpaka kabla ya kugombana na mtu. Lakini Katiba hiyo hiyo, Kifungu cha 210, inasema kodi au ada ya leseni haiwezi kutozwa bila sheria kuiruhusu. Na Kifungu cha 209 kinazipa kaunti nafasi ya kutoza ada kwa huduma zinazotoa. Sasa mimi chini ya mti wa mtu, ndani ya lango la mtu, nilipewa huduma gani na kaunti?

Wakili alinishauri nisiandike kwamba sheria hiyo haipo. Kila kaunti ina Sheria yake ya Fedha, hupitishwa na bunge la kaunti, na mtu asiyeisoma yote asijitape. Akasema uliza tu: ni kifungu kipi cha Sheria yenu ya Fedha kinachotoza gari lililo ndani ya ploti ya kibinafsi? Nionyesheni. Swali kama hilo likiwa kwenye karatasi ni gumu kulikwepa, kwa sababu Kifungu cha 47 kinampa mtu aliyeumizwa na uamuzi wa kiserikali haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria iliyofuata mwaka 2015 ikaweka siku 30 za kujibu. Wasipojibu, na jambo likifika mbele ya jaji, huchukuliwa kwamba hawakuwa na sababu njema, mpaka waonyeshe kinyume. Na kabla ya korti kuna Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman, ambako kulalamika hakuna malipo.

Tena ukikuta gari lako limefungwa, usiling'ang'anie gurudumu. Piga picha. Gari, lango, ukuta, karatasi, na picha moja inayoonyesha barabara iko umbali gani. Mwombe mwenye ploti akuandikie mistari miwili kwamba ardhi ni yake na uliruhusiwa kuingia. Barua yako ipeleke mwenyewe, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Bila mhuri, umewaandikia upepo.

Ndugu yetu mmoja aliye Birmingham aliposikia habari hii alicheka sana kwenye simu. Akaniambia Uingereza na Wales, tangu Oktoba 1, 2012, mtu akifunga chuma gari lililo kwenye ardhi ya kibinafsi bila idhini ya sheria, yeye ndiye mhalifu. Lakini kampuni zenye viwanja vya maegesho bado hudai pesa kwa njia ya mkataba. Akanisimulia habari ya mwenzao mmoja, Barry Beavis, aliyezidisha dakika 56 katika uwanja wa maduka mjini Chelmsford, akadaiwa pauni 85, akapigana mpaka Mahakama ya Juu, na Novemba 2015 akashindwa, kwa sababu mabango yalikuwa makubwa na mengi, na kila mwenye kuingia aliyaona. Ndugu, bango si kitu kidogo. Mwenye ploti akiweka bango kwamba hapa ni mia moja kwa saa, nawe ukaingia, umekubali.

Barua basi nikaianza. Aya ya kwanza, ploti. Ya pili, lango na picha. Ya tatu, swali la kifungu. Zikatiririka. Halafu nikakwama. Maana mtu yeyote mwenye akili akisoma barua ile angeuliza: kama chuma kilifungwa saa tisa, na faini haikulipwa mpaka leo, nani alikifungua, na kwa nini?

Nikamwuliza wakili. Akanyamaza kidogo. "Pasta, Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika anayepokea na anayetoa. Mia tano ni hongo. Ukiiandika umejishtaki mwenyewe. Barua inaweza kusimama bila hiyo aya."

Ilikuwa kweli. Ingesimama. Hoja ya ploti ilikuwa nzima bila mimi kujivua nguo. Nilikaa na hiyo barua siku nne. Nilifunga siku mbili kati ya hizo, na niseme ukweli, sikusikia sauti yoyote kutoka mbinguni. Nilichosikia ni mweka hazina akiuliza tena juu ya risiti.

Siku ya tano nilipanda matatu nikaenda ule mji kumtafuta yule kijana. Sikutaka asome habari zake kutoka kwa mkubwa wake. Nilimkuta karibu na stendi, nikamwambia: naandika barua, na ile mia tano itakuwemo.

Alikasirika, na sikumlaumu. "Mimi ndiye nilikuhurumia, Pasta. Ningekuacha pale mpaka usiku." Kisha akanieleza kitu ambacho sikukijua. Kila mmoja wao ana hesabu ya siku. Barabarani magari mengi hulipiwa kwa simu mapema, kwa hiyo kufikia saa nne hakuna wa kumshika. Asiyefikisha hesabu siku tatu mfululizo haitwi tena. "Ndiyo tunaingia kwenye ploti. Unadhani tunapenda?" Ana mtoto mchanga. Alinionyesha picha kwenye simu, labda ili nione aibu, na niliona.

Katika Luka tatu watoza ushuru walimwendea Yohana kumwuliza wafanye nini, naye akawaambia wasitoze zaidi ya walichoamriwa. Nimeshahubiri hilo pia. Lakini nikiwa nimesimama pale stendi niliwaza, je, kama kile walichoamriwa ndicho chenyewe kimezidi? Yohana hakuulizwa hilo, na mimi sikuwa na jibu la kumpa kijana. Nilimwambia tu kwamba noti ilitoka mkononi mwangu na hilo nitaliandika kwanza.

Nikaiandika. "Siku hiyo, mnamo saa kumi kasoro, niliwapa askari waliokuwa zamu shilingi mia tano bila risiti ili gari lifunguliwe. Nilikosea." Jina la kijana sikuliweka, ingawa nilikuwa nalijua kutoka kwenye beji yake. Niliandika pia habari ya ile hesabu ya siku. Mpaka leo sijui kama jina niliacha kwa huruma au kwa woga. Wakili alisoma, akatikisa kichwa, akanisahihishia tahajia.

Siku ya 34 nilipigiwa simu na mama mmoja wa afisi ya mapato, mwenye adabu sana. Barua ikafuata. Faini imefutwa, sababu ikiwa sentensi moja: gari lilikuwa nje ya maeneo ya maegesho ya kaunti. Kifungu nilichouliza hakikutajwa. Hesabu ya siku haikutajwa. Mia tano haikutajwa. Nilimpigia kumwuliza. "Hilo, Mchungaji," akasema, "lina afisi yake." Nimekwenda kwenye afisi yake. Nimeandikisha maelezo, nimepewa nambari, nangoja.

Soja wa kliniki aliniambia kwamba yule kijana haonekani tena upande ule. Huenda amehamishwa. Huenda ni jambo lingine. Nimeuliza mara mbili bila kupata jibu, na jina lake nalitaja kila asubuhi, kwa Mungu tu.

Jumapili iliyopita, kabla ya matoleo, nilisimama na lile daftari. Niliwasomea ule mstari, Maegesho 500, na nikawaambia ilikuwa nini. Hakuna aliyepiga kelele. Kulikuwa na ule ukimya wa mabati wakati jua limewaka. Nikaweka noti ya mia tano mezani, ya kwangu.

Magokoro akainuka kutoka benchi ya akina mama, akaja mbele taratibu kwa fimbo yake. Nikadhani anataka kutoa ushuhuda juu ya jicho.

"Mwanangu," akasema, si kwa sauti ya chini, "siku ile lilifungwa jicho. Masikio yalikuwa wazi."

Akafungua fundo la leso, akahesabu mia mbili na hamsini, akasema safari ilikuwa yake na nusu ya deni ni yake. Nikakataa. Akakataa kukataa kwangu. Tulisimama pale mbele ya kanisa zima tukisukumiana pesa mpaka mweka hazina akaja, akanirudishia mia mbili na hamsini, akachukua za Magokoro, akakata mistari miwili juu ya ule mstari wangu na kuandika chini yake kwa mwandiko wa ubao: Imerudishwa, 500. Pasta 250. Magokoro 250. Akatupa risiti kila mmoja.

Jicho la pili limepangiwa mwezi ujao, kliniki ileile. Mwenye ploti ameniambia ameshaweka bango langoni. Tutaondoka saa kumi na mbili asubuhi, na kuna nafasi mbili kwenye gari kwa yeyote aliye na mgonjwa wa macho. Nipigieni kabla ya Ijumaa.